Riwaya Isiyo na Anwani

Riwaya ya kwanza niliyoisoma kwa hiari yangu niliisoma melini, kati ya Mwanza na Nansio, nimekalia gunia la mchele la mtu nisiyemjua. Ilikuwa wiki ya mbalamwezi. Wa huku wanaelewa: mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi wa dagaa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na soko la samaki la Mwaloni kule Kirumba panapoa. Mama yangu, ambaye anauza dagaa tangu sijazaliwa, akaona hiyo ndiyo nafasi ya kunituma kwa bibi, kisiwani Ukerewe. Kitabu kilikuwa Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, nakala ya mkono wa pili isiyo na jalada, niliyoinunua kwa kijana anayetandaza vitabu chini kwenye turubai.

Nilipofika palipotajwa Namagondo nikainua kichwa na kutazama mbele ya meli. Namagondo ilikuwa kulekule tulikokuwa tunakwenda. Ni kijiji, kipo, na mwandishi mwenyewe alizaliwa huko mwaka 1944. Nilikuwa na miaka 18, nimefaulu fasihi kwa alama nzuri, na sikuwahi kukutana na riwaya inayotokea mahali ambapo nauli yake naijua.

Tangu siku hiyo nasoma riwaya nikitafuta kitu kimoja, na mara nyingi sikipati. Sina shahada ya fasihi, ninasema kama msomaji wa miaka 22 anayenunua vitabu kwa hela yake: riwaya zetu nyingi za sasa hazina anwani. Mhusika anaishi "mjini" au "kijijini". Nchi yake imepewa jina la kubuni. Anapanda gari, anapita sokoni, anakula chakula, na hujui gari lilikuwa linakwenda wapi, sokoni kulinuka nini, wala alikula ugali wa muhogo au wa mahindi.

Anwani ninayoitaka ni zaidi ya jina la mtaa. Ni kujua mtu akifungua mlango asubuhi anakanyaga jiwe au mchanga, jirani anamsalimia kwa lugha gani, na dukani anadaiwa shilingi ngapi. Kwa Mwanza ni kujua kwamba nyumba imekaa juu ya mwamba, kwamba mama mjamzito anashuka zile ngazi za mawe huku ameshika ukuta, na kwamba kutoka mlangoni kwake analiona ziwa lote likimetameta na ndoo yake ya maji ni tupu. Mwandishi akiniwekea hayo kwenye ukurasa mmoja, hana haja ya kunitajia neno umaskini.

Nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kidato cha tatu na cha nne tulikuwa na Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu. Kidato cha tano na cha sita tukawa na Vuta N'kuvute, Mfadhili, Kufikirika na Usiku Utakapokwisha. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ambayo darasani ilihesabiwa ya kisasa, ilichapishwa mwaka 1999, kabla sijazaliwa. Umri wake haunisumbui, maana ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kinachonisumbua ni namna tulivyofundishwa kuzisoma zote.

Swali la mtihani huja hivi: kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili jambo fulani, hoja tatu kwa kila riwaya. Ili riwaya mbili zikae kwenye swali moja, lazima uzivue kila kinachozitofautisha. Unguja ya wakati wa mkoloni inakuwa "jamii". Dar es Salaam ya watoto wa mama ntilie inakuwa "jamii". Kijiji cha Washona cha Takadini nacho ni "jamii". Tunamaliza shule tukiwa tumeandika "katika jamii zetu za Kiafrika" mamia ya mara, na hakuna hata mara moja tuliyoulizwa kama tumeuona mtaa.

Takadini ndiyo inayoniuma zaidi. Ni hadithi ya mtoto mwenye ualbino ambaye mama yake, Sekai, anamtorosha ili asiuawe. Tuliisoma Kanda ya Ziwa, katika mikoa hii ambako miaka ya 2007 na 2008 watu wenye ualbino walikuwa wanauawa na kukatwa viungo. Mstari wa mbele darasani kwetu alikaa msichana mwenye ualbino, mbele kwa sababu ya macho yake, na kila jioni kaka yake alikuwa anamsubiri getini amrudishe nyumbani. Sisi tukaandika kwenye madaftari yetu kwamba riwaya inaonyesha mila potofu za jamii za kale. Za kale! Mwenzetu naye aliandika hivyohivyo, maana ndilo lililokuwa jibu lenye alama. Kitabu hakina kosa hapo. Lakini laiti kungekuwa na riwaya yenye kaka yule na geti lile, nani kati yetu angethubutu kuandika neno "kale"?

Mwanafunzi aliyelelewa kusoma hivi, akiwa mwandishi, ataandikaje? Soko la uhakika la kitabu nchini kwetu ni shule, na anajua shule inauliza nini. Ataanza na dhamira, rushwa au ndoa za utotoni, halafu atafute watu wa kuibeba. Watu waliotafutwa kwa kazi hiyo hawahitaji nyumba. Wanasimama popote. Na wanazungumza kama wasomaji wa taarifa ya habari, wakati mimi nimekulia mahali ambapo mtu anaamkiwa kwa Kisukuma, "mwangaluka mayu", bei inapatanwa kwa Kiswahili, na hasira zikipanda unasikia Kijita.

Kuficha anwani kulikuwa na sababu zake, hilo sibishi. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, Mwingereza alikuwa anatawala, na nchi iliyo angani ilikuwa kinga ya mtu mwenye la kusema. Baada ya uhuru wakaja watawala wengine na sababu nyingine za kujikinga. Ken Walibora, katika Kidagaa Kimemwozea ya mwaka 2012, aliiita nchi yake Tomoko, na msomaji alimtambua Mtemi bila kuonyeshwa kidole. Lakini Walibora huyohuyo alikuwa ameandika Siku Njema mwaka 1996, na humo kuna Tanga na kuna Kitale. Vyote viwili nimevisoma. Cha Tomoko kimeniachia ubaya wa Mtemi. Cha Tanga kimeniachia mtoto anayesafiri kumtafuta baba yake, na mpaka leo nikisikia mtu ametaja Kitale nahisi nina ndugu huko, ingawa sijawahi kuvuka mpaka.

Kezilahabi naye ana pande hizo mbili, na kwake ndiko nilikokwama kwa muda mrefu. Aliandika riwaya nne zenye ardhi chini ya miguu: Rosa Mistika mwaka 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975 na Gamba la Nyoka 1979. Kisha akanyamaza kama miaka 10 hivi, akarudi na Nagona mwaka 1990 na Mzingile 1991, ambamo mtu anatembea katika ulimwengu usio na jina, njia zinapotea, na mazungumzo yanakuja kama ndoto. Wataalamu wanaziheshimu sana riwaya hizi mbili. Mimi pia. Nagona nimeisoma mara mbili, na mara ya pili sikulala vizuri. Kuna ukimya ndani yake ninaoujua, ule wa ziwani kabla jua halijatoka, wakati huoni maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Ila Kezilahabi aliiacha Namagondo akiwa ameshaimaliza. Alijua wanakunywa wapi, wanagombana kwa nini, baba anampigaje binti yake. Ukungu wa Nagona una kisiwa nyuma yake, hata kama hakionekani. Wengi waliokuja baadaye wameanzia pale alipomalizia yeye. Wamechukua ukungu, na nyuma yake hakuna kisiwa. Nimesoma riwaya kadhaa za namna hiyo miaka hii, na nikifunga kitabu kinachobaki ni sauti ya msomi anayewaza. Sitazitaja, kwa sababu najua mtu akichapisha riwaya ya Kiswahili leo amehangaika, na wino wa kumvunja moyo sina. Nataka tu ajue msomaji alimtafuta humo akamkosa.

Nirudi kwa Vuta N'kuvute. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mtoto kwa mwanamume wa umri wa baba yake, anamkimbia mumewe, ndugu zake wanamkataa, na anaishia kwa Mwajuma, Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja. Mwendo wa kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine, si safari ya siku. Lakini kwa Unguja ile, mwendo huo ni kuvuka rangi, dini, tabaka na ukoo kwa pamoja, na hakuna daraja la kurudi. Iondoe Unguja, iite "mji fulani", hadithi yote inaanguka, kwa sababu nguvu yake imo kwenye umbali ule mfupi. Na kwa kuwa Adam Shafi anaujua mji, hana haraka ya kumhukumu Yasmin. Anamwacha ajifunze kucheka na kupenda. Riwaya zisizo na anwani zina tabia ya kuwaadhibu wasichana wa namna hii kufikia sura ya nane, na nadhani ni kwa sababu mahali pasipo na majirani, hakuna wa kumtetea.

Zanzibar na pwani, kwa kweli, wametutangulia. Abdulrazak Gurnah alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Niliisoma kwa furaha na kwa wivu. Yusuf, mtoto aliyechukuliwa kwa deni la baba yake, anafuata msafara wa mfanyabiashara kutoka pwani kwenda bara. Sasa, bara ni sisi. Humo ndani tuko kama mahali msafara unakokwenda kuugua, kuogopa na kupoteza mali. Gurnah simlaumu hata kidogo, anwani yake ni pwani na ameiandika hasa. Lakini nilipoifunga niliwaza juu ya msichana wa upande huu anayechota maji, anayeuona ule msafara ukitokea mbali na kukimbia kumwambia mama yake. Riwaya hiyo, inayoutazama msafara ukija, inatudai sisi.

Rafiki zangu wengi hawasomi chochote kati ya hivi. Wanasoma simulizi za kwenye simu: sehemu za mwanzo bure, kisha unatuma elfu moja ndipo uingizwe kundi la WhatsApp upate zilizobaki. Sizidharau. Waandishi wake wanajua kukata sehemu pale ambapo huwezi kulala, na anwani wanazo, nyingi mno: Sinza, Mbezi, Masaki, Kariakoo. Mwanza pia imo. Ni mahali binti anapotoka na begi lake kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Basi likishaondoka, Mwanza imekwisha, hatutairudia hata kuona kama mama yake amepona.

Na si kwamba huku hakuna la kuandika. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, samaki wadogo wa asili, mpaka aina nyingi zikatoweka, viwanda vya minofu vikajengwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya na mapanki, vile vichwa na mifupa, yakabaki kwetu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mwongozaji wa Austria, akatoa filamu juu ya mambo hayo, ikazunguka dunia. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaipinga hadharani. Nchi nzima ikabishana kuhusu Mwanza iliyochorwa na mgeni, na yule mwanamke wa mapanki aliyeanika vichwa vya samaki juani hakuwa na riwaya hata moja ya kumsemea kwa lugha yake: alikuwa nani, alimpenda nani, alikuwa anacheka nini siku hiyo kamera haikuwapo. Leo mambo yamehamia kwenye mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki. Mvuvi anapasua tumbo la sangara akitafuta bondo kwanza, kwa kuwa kilo ya bondo ina bei ambayo kilo ya samaki mwenyewe haiisogelei. Vijana wa rika langu wameoa na kuachana kwa hela ya mabondo. Bado nasubiri kuwasoma.

Halafu kuna misiba. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Wengi wamelala katika makaburi ya Igoma. Mama yangu alikuwa msichana wakati huo. Akisimulia, hasimulii idadi. Anasimulia shangazi yake alivyozunguka maduka matatu akitafuta sanda, na alivyorudi na shuka la maua kwa sababu ndilo alilopata. Nimesikia hotuba nyingi za kumbukumbu, na hakuna iliyoniingia kama shuka lile.

MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, walikufa zaidi ya watu 220. Fundi mmoja alikutwa hai ndani ya kivuko siku mbili baadaye. Magazeti yakaandika, kisha yakaendelea na habari nyingine, ndivyo kazi yao ilivyo. Riwaya ingeanzia pale gazeti lilipoishia. Mwandishi angebuni mtu aliyetoka majini namna hiyo na kumfuata mwezi wa pili, mwaka wa pili. Kwenye kisiwa, kila safari ni ya maji: hospitali kubwa, harusi ya mdogo wake, mahari. Anavukaje? Anashika nini? Watoto wake wanajifunza nini wakimtazama usoni wakati injini inawashwa?

Rafiki yangu anayeandika hadithi fupi aliniambia nikubali ukweli mmoja: ukiandika Igoma na Buhongwa, mitaa yetu ya Mwanza, msomaji wa Mombasa atakuacha njiani. Nilimjibu kwamba mimi sijawahi kufika Unguja. Msomaji haongozwi na ramani, anaongozwa na mtu anayejua anakoishi. Tena tunaye mfano wetu wenyewe, mkubwa kuliko hoja yangu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika habari za Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe na kumaliza mwaka 1945. Hakuna aliyezichapa. Akazigeuza kwa Kiswahili yeye mwenyewe, na Tanzania Publishing House wakazitoa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981. Ni hadithi ya mume na mke wanaochelewa kupata mtoto. Ndugu za mume wanamtukana mke, wazazi wake wanamchukua, na mume anakwenda kumgomboa kwa faini ya pombe ya ndizi. Kuna wanaolalamika kwamba kitabu ni kirefu na kinaeleza pombe inavyotengenezwa hatua kwa hatua. Kurasa hizo ndizo nilizozisoma polepole zaidi. Kila ndizi inayokamuliwa mle ni siku moja zaidi ambayo mwanamume yule analala bila mkewe, na Kitereza hasemi hivyo popote. Amekuacha uhesabu.

Sasa tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, na kabla yake ilikuwapo ya Mabati-Cornell. Nafurahi kila mswada mpya unapotajwa, na wa kwanza utakaotaja mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, nitaununua siku hiyohiyo, hata kama ni wiki ya mbalamwezi.

Desemba iliyopita nilirudi kwa bibi na kitabu kilekile kisicho na jalada. Macho yake yamechoka, kwa hiyo nilimsomea kwa sauti, jioni tatu, barazani. Hakuniuliza dhamira. Aliniuliza Zakaria, baba yake Rosa, alikuwa anakunywa kwa nani. Tulipofika pale Zakaria anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, alisema, "Baba wa namna hiyo namjua, nyumba yake ilikuwa kule kwenye mwembe," akanyoosha mkono gizani kuelekea upande wa barabara. Jioni ya tatu Rosa alijiua. Bibi akanyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia.

"Mjukuu wangu," akasema, "walimzika wapi?"

Nikasogeza tochi ya simu karibu, nikarudisha kurasa nyuma, nikaanza kutafuta.